Mdogo wangu kakutwa na uvimbe kwenye ovari: mmoja anasema apasuliwe wiki hii, mwingine anasema ni chango. Hivi huwa wanajuaje?

#1 Dada wa Shangani

Habari za humu wanajamvi, hasa watu wa kusini.

Mdogo wangu ana miaka 24, anaishi Tandahimba, hajazaa. Kwa muda alikuwa analalamika maumivu chini ya kitovu upande wa kulia, yanavuta halafu yanaachia. Duka la dawa wakampa dawa za UTI, akamaliza dozi, hali ikabaki vile vile. Bibi yetu kule Kitangari akasema hilo ni chango, akamchemshia mizizi. Mwisho nikamwita aje huku mjini, tukaingia kliniki moja ya binafsi, akapigwa altrasaundi.

Karatasi inasema hivi: ovari ya kulia ina uvimbe wa maji, sentimita 4.6 kwa 4.1, ukuta mwembamba, ndani hauna kitu kingine, kizazi kiko sawa, ovari ya kushoto iko sawa, hakuna maji tumboni. Basi. Aliyetusomea akatuambia bila kupepesa macho: apasuliwe wiki hii, ukichelewa unageuka kansa. Bei aliyotaja acha tu.

Ninachotaka kujua: altrasaundi moja inatosha kusema mtu akatwe? Kuna vipimo vingine? Na kuna mtu humu sisti, yaani huo uvimbe wa maji, imewahi kumwondoka yenyewe?

#2 Korosho Bandia

Nakaa kiti cha mbele. Wife naye ana karatasi kama hiyo kabatini.

#3 Mzee wa Jeli

Dada wa Shangani, kwanza usiuze shamba la mtu. Mimi kazi yangu ni altrasaundi, niko huku Lindi, na karatasi kama ya mdogo wako ni ya kila wiki.

Ovari ya mwanamke anayeona siku zake kazi yake ndiyo hiyo, kutengeneza vifuko vya maji. Kila mwezi yai linakulia ndani ya kifuko, madaktari wanakiita folikoli, kinafika milimita 20 na ushee, kinapasuka, yai linatoka. Kuna mwezi hakipasuki, kinaendelea kujaa. Kuna mwezi kinapasuka vizuri tu, halafu mabaki yake yanajifunga na kujaa maji au damu. Zote hizo kwenye karatasi zitaandikwa sisti. Nyingi zinaondoka zenyewe ndani ya mzunguko mmoja hadi mitatu, na mwenyewe wala hajui kama aliwahi kuwa nayo. Sisti za namna hii hazigeuki kansa.

Kwa hiyo kuuona uvimbe ni kazi ndogo, hata mwanafunzi wa mazoezi atauona. Kazi ni kusema ni uvimbe wa aina gani, na hapo lazima ujue umri wa mgonjwa na leo ni siku ya ngapi tangu aanze hedhi. Niambie, kwenye hiyo karatasi tarehe ya hedhi ya mwisho imeandikwa? Kama haijaandikwa, aliyesoma picha amesoma nusu.

Nikiweka kifaa tumboni naangalia hivi. Maji yanaonekana meusi. Uvimbe ukiwa mweusi mtupu, chumba kimoja, ukuta mwembamba laini, na nyuma yake kunang'aa, huo ni wa maji matupu, moyo unatulia. Ukiwa na nyuzinyuzi ndani kama wavu wa dagaa, mara nyingi ni damu iliyovujia humo na inaanza kuganda. Huo nao huwa unayeyuka, unarudia kuangalia baadaye. Ukiwa na ukungu wa kijivu uliotulia sawasawa, nawaza endometriosi, yaani nyama kama ya ukuta wa kizazi imeota kwenye ovari na kuvuja humo damu nzito ya zamani ya rangi ya chokoleti. Huo hauondoki kwa kusubiri. Ukiwa na sehemu nyeupe inayong'aa na kutupa kivuli, nawaza dermoidi, uvimbe unaotengeneza mafuta na nywele ndani yake. Kinachonifanya nisogeze kiti ni nyama ndani ya uvimbe, vijinundu vinavyoota kwenye ukuta, kuta nene zinazogawa vyumba vingi visivyo na mpangilio, damu inayopita kwa wingi ndani ya hiyo nyama nikiwasha dopla, sehemu ya mashine inayoonyesha damu ikitembea, na maji yaliyozagaa tumboni.

Ya mdogo wako haina hata kimoja katika hivyo vya mwisho. Miongozo ya madaktari wa Uingereza inasema sisti ya maji matupu isiyozidi sentimita 5, kwa mwanamke anayeona siku zake, kwa kawaida haihitaji hata kufuatiliwa. Kati ya 5 na 7 irudiwe kuangaliwa kila mwaka. Ikizidi 7 ndipo inazungumzwa picha ya kina ya MRI au upasuaji. Kwa kuwa yeye ana maumivu, mimi ningemrudisha kwenye picha baada ya wiki 6 hadi 12, siku chache baada ya hedhi kuisha, maana wakati huo ovari imetulia. Na aonwe na daktari wa magonjwa ya wanawake, siyo mimi na siyo karatasi.

#4 Dkt Mitishamba Original

Uvimbe wa aina zote unayeyuka ndani ya siku 21 bila kisu. Wateja wangu Mtwara, Masasi, Newala wote wamepona. Njoo inbox tuyajenge.

#5 Binti Mmwera

Huyu hakosekani. Uzi wa mafua yupo, uzi wa nyumba ya kupanga yupo.

#6 Mzee wa Jeli

Tena hizo shuhuda zake nyingine ni za kweli, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Mtu ana sisti ya kawaida, ingeondoka yenyewe ndani ya wiki kadhaa. Anakunywa dawa siku 21, anarudi kwenye picha, haipo. Sifa anachukua muuza dawa. Mizizi ya chango nayo imejipatia heshima yake kwa njia hiyo hiyo, na hata vidonge vya hospitali vinavyotolewa "kuyeyusha uvimbe" visijisifu. Vidonge vya majira vinaweza kuzuia sisti mpya zisijitengeneze, lakini iliyopo haviiharakishi kuondoka. Wenye hasara ni wale wachache ambao uvimbe wao siyo wa kuondoka, wanakunywa chupa baada ya chupa huku tumbo linapanda.

#7 Dada wa Shangani

Asante sana kaka. Nimemuuliza, anasema siku ile ilikuwa ya 16 au 17 tangu aanze hedhi. Kwenye karatasi haijaandikwa popote na hakuna aliyemuuliza.

Nyingine: walimpima juu ya tumbo tu. Kuna mtu kazini kaniambia kipimo cha kweli ni kile cha kuingiza chini. Mdogo wangu kasikia hivyo kagoma kabisa.

#8 Mzee wa Jeli

Siku ya 16 ni katikati ya mzunguko, ovari iko kazini. Ndiyo maana nakuambia arudie baada ya hedhi.

Kuhusu kipimo cha ndani, asiogope lakini pia asilazimishwe. Cha juu ya tumbo kinataka kibofu kimejaa: unywe maji lita moja hivi, ukae saa moja bila kwenda chooni, mkojo ukubane. Kibofu kilichojaa kinasukuma utumbo pembeni na kutupa dirisha la kuona. Mgonjwa akija na kibofu kitupu naona gesi tu, na gesi ya utumbo inadanganya sana. Kinyume chake pia kipo, kibofu kilichojaa kupita kiasi kimewahi kuandikwa kuwa ni sisti kubwa. Dawa yake ni kumwambia mgonjwa akakojoe, arudi tuangalie tena.

Cha ndani unaingia kibofu kikiwa kitupu. Kifaa ni chembamba, kinavalishwa kondomu mpya mbele yako, kinapakwa jeli. Kinasogea karibu kabisa na ovari, kwa hiyo vitu vidogo vinaonekana wazi zaidi. Haki yako kuwe na mwanamke mwingine chumbani, nesi au ndugu, na ukisema acha, anaacha. Binti ambaye hajawahi kukutana na mwanaume hapimwi kwa njia hiyo, anapimwa juu ya tumbo. Uvimbe mkubwa uliopanda juu ya kiuno nao unaonekana vizuri zaidi kwa tumboni, hivyo mara nyingine tunafanya vyote viwili.

#9 Mama Pacha Masasi

Mimi nitoe ya kwangu labda itasaidia mtu.

Nilitibiwa PID, maambukizi ya via vya uzazi, mpaka nikazijua sindano kwa rangi za vichupa. Kila nikienda maumivu ya upande wa kushoto naandikiwa dawa zile zile, hakuna anayesema panda kitandani nikukague. Siku moja nikamkuta daktari mama mtu mzima, hakuandika kitu kwanza. Akaniuliza hedhi, akauliza kama naumia nikikutana na baba watoto, akauliza mkojo, haja kubwa, akanibonyeza tumbo, kisha akanipima kwa vidole vya mkono mmoja ndani na mkono mwingine juu ya tumbo. Akasema hapa kushoto kuna kitu kinateleza. Ndiyo akaniandikia altrasaundi ya ndani, wakaona uvimbe sentimita 8 una sehemu nyeupe na vistari vistari. Dermoidi.

Nikapasuliwa, wakatoa uvimbe wakabakiza ovari. Ndani mlikuwa na mafuta mazito, nywele ndefu na jino. Jino kabisa, nimeonyeshwa, limekaa kwenye trei ya chuma na nywele zimelizunguka. Mama mkwe alipoona akasema mwanangu hii siyo ya hospitali, umetupiwa. Nyumba nzima ikataka twende kwa mganga Nanyumbu. Kinyama kikapelekwa Dar, majibu yakarudi baada ya wiki kadhaa, salama.

Mzee wa Jeli ebu waeleze watu hilo jino linatoka wapi, maana mpaka leo kuna shangazi hali chakula changu.

#10 Mzee wa Jeli

Shangazi aje ale. Chembe ya yai ina uwezo wa kutengeneza kila kiungo cha mwili, ndiyo maana ikikutana na mbegu anapatikana mtoto. Mara chache inaanza kujigawa yenyewe bila mbegu na bila mpangilio, inatoa ngozi, nywele, mafuta, mfupa, jino. Hakuna aliyetupiwa, wala siyo pacha aliyemezwa. Inapatikana sana kwa wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa, na karibu zote siyo kansa. Ubaya wake ni kwamba haiyeyuki, na kwa uzito wake inaweza kuisokota ovari.

Na hongera kwa huyo daktari mama. Maelezo ya mgonjwa na mikono vinatangulia mashine.

#11 Mvuvi wa Kivinje

Hapo kwenye kusokota nina la kusema. Mke wangu alishikwa usiku, maumivu upande mmoja ghafla, anatapika, hawezi kunyooka. Sisi tukajua kidole tumbo. Kufika hospitali wakachukua mkojo kupima mimba. Nikawaka: mtu anakufa nyie mnapima mimba! Daktari kijana akanijibu taratibu kwamba kama ni mimba iliyotunga nje ya kizazi anaweza kuvuja damu ndani mpaka akaisha, kwa hiyo lazima ajue kabla ya kugusa kitu. Mimba hakuna. Damu ikapimwa wingi na kundi. Altrasaundi ikaonyesha ovari imevimba na sisti sentimita 7, akaingizwa chumba cha upasuaji alfajiri. Ilikuwa imejisokota. Waliinyoosha, ikarudisha rangi, wakaibakiza.

#12 Mzee wa Jeli

Daktari alifanya sawa kabisa. Mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya chini ya tumbo, kipimo cha mimba ni cha kwanza hata akiapa kwa misahafu yote.

Niongeze moja ambalo hata baadhi yetu tunaoshika mashine tunaliteleza: dopla ikionyesha damu bado inapita kwenye ovari, hiyo haifuti kusokota. Ovari ina mishipa kutoka pande mbili na inaweza kusokoteka nusu. Maumivu ya ghafla yenye kutapika, ovari iliyovimba, basi daktari wa upasuaji aitwe, msisubiri picha ya pili asubuhi. Vivyo hivyo mtu akianguka kwa kizunguzungu, akipauka, akapata homa, au maumivu ya tumbo yakapanda mpaka begani. Begani inaweza kuwa ishara ya damu kuvujia ndani.

#13 Msomaji wa Mikindani

Kidogo pembeni ya mada, lakini siyo pembeni sana. Altrasaundi ya tumbo ilijipatia jina kwa sisti ya ovari. Ian Donald, profesa wa uzazi kule Glasgow, alikuwa anajaribu mashine iliyotokana na teknolojia ya viwandani ya kutafuta nyufa kwenye vyuma. Akaletewa mama mwenye tumbo limejaa, madaktari wenzake wameshaamua ana kansa ya tumbo isiyotibika. Mashine ikaonyesha ukingo wa fuko kubwa la maji. Wakampasua, ikatoka sisti ya ovari, mama akapona. Habari hiyo ilikuwamo kwenye makala yao ya mwaka 1958 katika jarida la Lancet.

Kabla ya hapo watu walikuwa wanabahatisha. Mwaka 1809 huko Kentucky, Marekani, mama mmoja alidhaniwa ana mapacha waliopitiliza tarehe. Daktari Ephraim McDowell akamkagua kwa mikono, akasema kizazi kitupu, huu ni uvimbe wa ovari. Akampasua bila nusukaputi, akatoa kitu cha kilo 10 hivi, na mama akaishi miaka mingi baada ya hapo.

#14 Korosho Bandia

Bila nusukaputi. Mimi hata sindano ya meno naita ukoo.

#15 Binti Mmwera

Mzee wa Jeli, mimi karatasi yangu inasema ovari zote mbili zina visisti vidogo vidogo vingi, wakaniambia PCOS, ule ugonjwa wa homoni wa ovari zenye visisti vingi. Ndiyo hiyo hiyo ya mdogo wake Dada wa Shangani?

#16 Mzee wa Jeli

Hapana binti, ni mambo mawili. Hivyo vidogo, milimita 2 hadi 9, ni folikoli zilizokwama kukua, hazipasuliwi. Na picha peke yake haitoshi kukuita mgonjwa wa PCOS. Zinatakiwa mbili kati ya tatu: hedhi zinazoruka ruka, dalili za homoni za kiume kuzidi (ndevu, chunusi sugu, au zionekane kwenye damu), na ovari zenye folikoli nyingi. Wasichana wengi wenye afya zao wana ovari za namna hiyo. Hedhi yako ikoje? Usinijibu humu, mjibu daktari.

#17 Dada wa Shangani

Mrejesho. Tumemwona daktari wa kina mama hospitali ya serikali. Kamkagua, kapima mkojo na mimba, karudia picha mwenyewe, anasema maji matupu, aje baada ya hedhi ijayo na nyingine. Katupa dalili za kukimbilia hospitali, karibu zile zile za Mzee wa Jeli. Kuhusu kupasuliwa kacheka tu. Bibi kapigiwa simu, anasema mizizi ndiyo iliyofanya kazi. Tumemwachia.

#18 Kijana wa Nachingwea

Shikamooni wakubwa. Mimi langu ni la mama. Ana miaka 58, hedhi ilishakoma zamani. Miezi hii tumbo linajaa, anakula vijiko viwili ameshiba, anakwenda haja ndogo kila mara. Nyumbani walisema ni vidonda vya tumbo. Altrasaundi: ovari ya kushoto uvimbe sentimita 9, vyumba vingi, una nyama ndani, maji kiasi tumboni. Kipimo cha damu cha CA-125, kile kinachoangaliwa kwa wanaoshukiwa kansa ya ovari, kimesoma 88. Kuna mtaalamu anasema anaweza kuunyonya kwa sindano hapa hapa, mama akapumua. Tufanyeje?

#19 Mzee wa Jeli

Marahaba kijana. Sindano msikubali. Uvimbe wenye nyama ndani hautobolewi, kwa sababu kama una seli mbaya unazimwaga tumboni, na hayo maji yakipimwa yanaweza yasionyeshe kitu hata kama tatizo lipo.

Haya yote niliyomwambia Dada wa Shangani ya kusubiri, kwa mama yako yafute. Ovari yake ilishastaafu, haitengenezi tena vifuko vya kila mwezi. Hata sisti ya maji matupu kwa umri wake inapimiwa damu na kufuatiliwa kwa tarehe. Yake siyo ya maji matupu.

CA-125 kawaida yake ni chini ya 35. Peke yake ni kipimo kigeugeu. Inapanda kwa endometriosi, faibroidi, PID, mimba, hata siku za hedhi. TB ya tumbo nayo inaipandisha sana na inajaza maji tumboni, na huku kwetu TB haijaisha, kwa hiyo wataifikiria. Ndiyo maana msichana wa miaka 24 mwenye sisti ya maji hatakiwi kupimiwa, atapewa hofu tu. Hata kuwapima wanawake wazima kwa wingi hakujasaidia. Uingereza walifuatilia zaidi ya 200,000, matokeo ya mwaka 2021 yakaonyesha vifo havikupungua. Lakini kwa mwenye uvimbe tayari, aliyekoma hedhi, namba hiyo ina kazi.

Kuna hesabu madaktari wanaifanya. Picha inapewa alama: dalili mbaya moja ni 1, mbili au zaidi ni 3. Mama ana vyumba vingi, nyama, na maji tumboni, hivyo 3. Amekoma hedhi, 3 nyingine. Zidisha na CA-125 yake: 3 mara 3 mara 88 ni 792. Ikivuka 200 mgonjwa anatakiwa kwa wataalamu wa saratani za wanawake. Haijasema ni kansa. Imesema asipasuliwe na yeyote aliye karibu. Jibu la mwisho lipo kwenye kinyama kikisomwa na patholojia baada ya uvimbe kutolewa mzima.

Anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa, Sokoine kwa Lindi, au ya kanda pale Mitengo, Mtwara. Pigeni simu kwanza muulize kama daktari bingwa wa wanawake yupo na kama mashine ya CT inafanya kazi siku hiyo. Ombeni CT ya tumbo na kifua, kisha rufaa ya Muhimbili. Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, inaingia baadaye, kama kinyama kitataka hivyo. Bebeni picha zenyewe, siyo maelezo tu, na majibu yote ya damu, hata ya zamani. Mtapunguza kurudiwa vipimo.

#20 Kijana wa Nachingwea

Asante mzee. Rufaa tumeandikiwa leo. Tatizo mjomba anasema tusubiri mnada wa korosho ulipwe ndiyo twende.

#21 Mzee wa Jeli

Mnada unaweza kuchelewa, uvimbe wa namna hiyo hauchelewi. Kesho asubuhi nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali iliyowaandikia, beba hiyo rufaa na barua ya mtendaji wa kijiji, uwaeleze uwezo wenu ulivyo. Mpe simu mjomba niongee naye, nitumie namba inbox.